Je, Wajua? Namba 2,147,483,647

Je, wajua kwamba ukianza akiba tarehe 1 Januari kwa shilingi moja, tarehe 2 ukaweka mbili, tarehe 3 nne, na kila siku ukaweka mara mbili ya ulichoweka jana, mwezi ukiisha utakuwa na shilingi 2,147,483,647? Isome taratibu: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Tarehe 10 kibubu kina shilingi 1,023 tu. Tarehe 20 kimevuka milioni kidogo: 1,048,575. Kasheshe ni siku za mwisho, maana tarehe 31 peke yake inakudai shilingi 1,073,741,824. Ukiufanya mchezo huohuo Februari yenye siku 28, unaishia kwenye 268,435,455.

Angalia jambo moja katika hesabu hiyo. Siku yoyote utakayosimama, jumla iliyo ndani ya kibubu inapungua moja tu kufikia kile unachotakiwa kuweka kesho. Baada ya siku tatu una 1 + 2 + 4, yaani 7, na siku ya nne unaweka 8. Kwa hiyo jumla ya siku 31 ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 31, kisha ukatoa 1. Wanahisabati huandika 2³¹ − 1. Ufupi huo ndio chanzo cha mambo yote yanayofuata.

Je, wajua kwamba hadithi ya kale ya sataranji imeificha namba hii? Mvumbuzi wa mchezo alimwomba mfalme punje moja ya ngano kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, hadi mraba wa 64. Ibn Khallikan aliiandika hadithi hiyo katika karne ya 13. Miraba 31 ya mwanzo, pungufu kidogo ya nusu ya ubao, inabeba punje 2,147,483,647 barabara. Ubao mzima unadai punje 18,446,744,073,709,551,615.

Je, wajua kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa? Haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukizipanga namba tasa zote kwenye foleni, 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, hii inashika nafasi ya 105,097,565. Iliyoitangulia ni 2,147,483,629, inayofuata ni 2,147,483,659.

Na wajua majirani zake wa kushoto na kulia walivyo tofauti nayo? Hatua moja nyuma, 2,147,483,646 inavunjika vipande vidogovidogo: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Hatua moja mbele, 2,147,483,648 haina kingine ndani yake ila mbili tupu, 31 kwa idadi. Katikati ya hizo mbili imesimama namba isiyovunjika kabisa.

Je, wajua kwamba 31 yenyewe ilikuwa lazima iwe tasa? Kipeo kikigawanyika, namba nzima nayo inagawanyika. Chukua 2⁶ − 1, ambayo ni 63. Kwa kuwa 6 ni 2 × 3, basi 63 inagawanyika kwa 2² − 1, yaani 3, na kwa 2³ − 1, yaani 7. Lakini kinyume chake hakishiki, na hapo ndipo wakubwa wa zamani walipojikwaa. Namba 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89.

Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, alithibitisha mwaka 1588, kwa kugawanya moja moja, kwamba kipeo cha 17 na cha 19 vinatoa namba tasa. Kazi ya kiungwana kabisa. Kisha akatangaza kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo ni hivyohivyo. Katika hivyo vinne, kilichosimama hadi leo ni 31 peke yake. Kipeo cha 23 kinatoa 8,388,607, ambayo ni 47 × 178,481.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa aliyeishi Paris na kuandikiana barua na wanahisabati wa Ulaya nzima, alitoa orodha ya vipeo vyote hadi 257 vinavyozaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha ilikuwa na makosa matano. 67 na 257 havikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 vilisahauliwa. Namba za aina hii zinaitwa namba za Mersenne hadi leo, makosa na yote, na nadhani ni haki yake: ndiye aliyeliweka swali mezani pakubwa hivi kwamba watu hawakuweza kuliacha. Namba yetu ni ya nane katika zile zilizo tasa kweli.

Je, wajua nani aliyemaliza ubishi? Ni Leonhard Euler, katika barua kwa Bernoulli, mmoja wa ukoo maarufu wa wanahisabati wa Basel, iliyotoka mwaka 1772. Euler alikuwa Saint Petersburg, Urusi, akiwa na miaka ya sitini na kitu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha tangu miaka ya 1730. La kushoto liliingiwa na mtoto wa jicho mwaka 1766, na operesheni aliyofanyiwa 1771 haikumfaa kwa muda mrefu. Mtu ambaye karibu haoni kabisa alikuwa anaichunguza namba ya tarakimu kumi kama ina kigawo.

Alifanyaje? Njia ya kawaida ni kuigawanya namba kwa kila namba tasa hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushee. Chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700. Bila kikokotoo, kila mgawanyo mmoja unakula karatasi, na ukikosea mmoja umeharibu kazi yote.

Euler alijua siri mbili. Ya kwanza: namba tasa yoyote inayoigawanya 2³¹ − 1 lazima, ukiigawa kwa 62, ibaki 1. Hiyo 62 ni mara mbili ya 31. Jaribu kwa mfano mdogo tulioutaja: 2¹¹ − 1 ilikuwa 23 × 89. Mara mbili ya 11 ni 22. 23 ni 22 na 1, 89 ni 88 na 1. Hakuna kilichotokea kwa bahati. Angalia na kipeo cha 29 kilichomponza Cataldi: kinatoa 536,870,911, ambayo ni 233 × 1,103 × 2,089. Toa 1 katika kila kimoja, utapata 232, 1,102 na 2,088, na zote zinagawanyika kwa 58.

Siri ya pili: ukigawanya kigawo hicho kwa 8, baki lazima liwe 1 au 7. Rudi kwa 23, inabaki 7. 89 inabaki 1. 233 inabaki 1. 1,103 inabaki 7. 2,089 inabaki 1. Mimi huwa nahimiza mtu akae na hizi namba ndogo kwa kalamu mpaka aone mwenyewe zinavyotii, kwa sababu raha ya hisabati iko hapo na haielezeki kwa maneno ya mwingine.

Unganisha siri hizo mbili. Kigawo chochote cha namba yetu lazima kiwe 248 mara kitu fulani ukaongeza 1, au 248 mara kitu fulani ukaongeza 63. Chini ya 46,340 namba za sura hiyo hazizidi 372 ukiiacha 63 yenyewe, ambayo si tasa, na nyingi kati ya hizo 372 nazo si tasa, hivyo unaziruka. Ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 311. Maana yake namba tasa zote zilizo chini ya 311 zimeondolewa bila kugawanya hata mara moja! Jaribu hiyo 311: mara 6,905,092 inafika 2,147,483,612, linabaki 35. Haigawanyi. Inayofuata ni 1,303, nayo haigawanyi. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, hakuna hata moja inayogawanya, na namba imethibitishwa kuwa tasa. Ikabaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hata karne ya 19 ikafika katikati.

Je, wajua kwamba kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba timilifu? Namba timilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo pungufu yake unaipata yenyewe. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinazofuata ni 496 na 8,128. Euclid alionyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba ukichukua namba tasa ya sura hii, kama 7, ukaizidisha kwa 2 iliyopandishwa kwa kipeo kilicho pungufu kwa moja, hapa 4, unapata timilifu: 7 × 4 ni 28. Euler akathibitisha upande wa pili, kwamba timilifu zote zilizo shufwa zinatoka kwa njia hiyo tu. Kama ipo timilifu iliyo witiri, hakuna aliyewahi kuiona, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba haipo.

Namba yetu, ikizidishwa kwa 1,073,741,824, inazaa timilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128. Ina vigawo 61 vilivyo pungufu yake, na ukivijumlisha vyote vinarudi palepale.

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, aliandika katika kitabu chake cha nadharia ya namba kwamba timilifu hiyo ya nane ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Sababu yake: namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina manufaa, basi ni vigumu mtu kujisumbua kutafuta iliyo kubwa zaidi. Barlow hakuwa mtu mdogo, majedwali yake ya hesabu yalitumika kwa zaidi ya karne moja. Lakini mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka 1883 padri wa Kirusi aitwaye Ivan Pervushin akaongeza 2⁶¹ − 1, ile aliyoisahau Mersenne. Watu walijisumbua, na kwa moyo mmoja.

Kuhusu 67, ile iliyokuwemo kimakosa kwenye orodha ya Mersenne: mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake New York, akaandika ubaoni kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287.

Je, wajua kwamba ipo njia ya kupima namba ya Mersenne bila kutafuta kigawo hata kimoja? Aliianzisha Lucas, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akainyoosha miaka ya 1930. Tuipime 127, ambayo ni 2⁷ − 1. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2: 14. Fanya tena: 14 × 14 ni 196, toa 2, 194. Imeipita 127, basi shika baki: 67. Tena: 67 × 67 toa 2 ni 4,487, baki 42. Tena: 42 × 42 toa 2 ni 1,762, baki 111. Tena: 111 × 111 toa 2 ni 12,319, na hiyo ni 127 × 97 kamili. Baki sifuri. Kipeo ni 7, hatua ni 5, yaani mbili pungufu, na ukifika sifuri hatua hiyo namba ni tasa. Kwa 2,147,483,647 hatua ni 29 tu. Mtu mwenye kikokotoo na subira anaimaliza kwa mchana mmoja, kazi iliyomtaka Euler agawanye na kugawanya.

Kipimo hicho bado kinafanya kazi. Oktoba 2024 mradi wa GIMPS, unaounganisha kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote, ulitangaza 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 kuwa tasa. Ina tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant, na ni ya 52 kujulikana katika ukoo huu.

Je, wajua kwa nini kila mwandishi wa programu anaijua namba yetu kwa moyo? Kompyuta nyingi huhifadhi namba nzima katika biti 32. Zifikirie kama taa 32 zilizopangwa mstari, kila moja imewaka au imezima. Taa ya kwanza inaonyesha kama namba ni hasi. Zinabaki 31. Ziwashe zote 31, ile ya hasi ikiwa imezima, unapata 1 + 2 + 4 na kuendelea mara 31. Ni ile hesabu ya kibubu cha Januari. Hilo ndilo dari: hakuna nafasi ya kupita hapo. Ukiongeza 1, katika mashine nyingi taa ya hasi ndiyo inayowaka na zote nyingine zinazima, na kompyuta inasoma −2,147,483,648.

Desemba 2014 video ya Gangnam Style ya Mkorea PSY ilitazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647, na YouTube ikaeleza kwamba haikutarajia kamwe video moja ingefika huko. Kihesabu kikahamishiwa biti 64, ambako mwisho ni 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo nayo ni 2⁶³ − 1, lakini si tasa: 63 inagawanyika, kwa hiyo 7 na 127 zote zinaigawanya.

Je, wajua kwamba dari hili lingeweza kuzima umeme wa ndege? Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru wenye Boeing 787 wazime mitambo ya kudhibiti jenereta kabla haijakaa hewani au chini ikiwa imewashwa kwa siku 248 mfululizo. Programu ndani yake ilikuwa na kihesabu ambacho kingejaa, na mitambo yote minne ikiwashwa pamoja ingejifunga kwa pamoja. Gawanya 2,147,483,647 kwa 100, upate sekunde kama kihesabu kinahesabu sehemu za mia za sekunde, kisha gawanya kwa sekunde 86,400 za siku. Jibu ni siku 248 na nusu. Namba 248 ilishatokea kwa Euler, ila hapo ni sadfa tupu.

Je, wajua itakuwaje saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, kwa saa za Afrika Mashariki? Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, wakati hapa kwetu ilikuwa saa 9 usiku. Sekunde ya bilioni moja ilipita alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2001. Sekunde ya 2,147,483,647 itapita asubuhi hiyo ya 2038. Muscat itakuwa saa 1 na dakika 14 asubuhi, Lubumbashi saa 11 na dakika 14 alfajiri. Mfumo wowote utakaokuwa bado unahesabu muda kwa biti 32 zenye alama ya hasi utaruka nyuma hadi Ijumaa ya tarehe 13 Desemba 1901.

Wapo wanaosema 2038 ni mbali. Si mbali. Programu inayopanga marejesho ya mkopo wa nyumba wa miaka 20 uliotolewa 2018 ilishalazimika kuandika tarehe za 2038 siku ileile ya kusaini. Mifumo mikubwa imehamia biti 64, na huko sekunde zitatosha kwa miaka bilioni 292. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa na kusahaulika: vidhibiti vya pampu, mita, mitambo ya viwandani, vitu ambavyo hakuna anayevifanyia masasisho.

Kwa waandishi wa programu wa Tanzania, Kenya na Uganda lipo la karibu zaidi. Sarafu zetu zina namba ndefu. Ukiandika mfumo wa mauzo ukahifadhi pesa kwa biti 32, mwisho ni shilingi bilioni 2.147, kiasi ambacho jumla ya mwaka ya duka la kawaida la jumla inaweza kukifikia. Ukifuata ushauri wa vitabu vya nje na kuhifadhi senti, mwisho unashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47. Gari la mtumba lenye hali nzuri Dar es Salaam linaweza kupita hapo. Biti 64 hazigharimu kitu siku hizi. Tumieni hizo tangu siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba namba ya simu haiingii humo? 255 na tarakimu tisa zinazofuata inasomeka bilioni mia mbili hamsini na kitu. Hifadhidata ya MySQL, ikiwa haijawekwa katika hali kali, hupokea namba kubwa namna hiyo kwenye safu ya biti 32 na kuiandika 2,147,483,647 bila kugoma. Ukifungua jedwali la wateja ukakuta watu mia wana simu moja inayoanza na 214, usidhani ni familia ya Dallas, Texas, ingawa 214 ni msimbo wa simu wa eneo hilo. Ni dari limefikiwa, na namba za watu zimepotea.

Je, wajua kwamba utasa wa namba hii, ule ambao Barlow aliuona ni wa kustaajabisha tu, ulikuja kuendesha bahati nasibu ndani ya kompyuta? Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kanuni fupi ya kutoa namba zinazoonekana kuwa za kubahatisha. Shika namba, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na mtiririko unarukaruka hivyo bila mpangilio unaoonekana kwa macho. Lakini mpangilio upo, na ni wa ajabu: unapita katika kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo unarudi kwenye 1. Hauachi hata moja, haurudii hata moja. Hilo linawezekana kwa sababu kigawanyi ni tasa na kwa sababu 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, ilichaguliwa kwa makini. Usiitumie kutengenezea nywila, maana anayeona namba moja anajua zote zinazofuata.

Ukichukua biti zote 32 bila kujali hasi, dari linakuwa 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Ndiyo witiri kubwa kuliko zote zinazojulikana ambayo umbo lenye pande sawa za idadi hiyo linaweza, kwa kanuni, kuchorwa kwa rula na bikari tu. Mbili mbele yake ipo 4,294,967,297, ambayo Pierre de Fermat aliamini ni tasa. Euler, akiwa kijana wa miaka 25, alionyesha mwaka 1732 kwamba ni 641 × 6,700,417.

Na je, wajua kinachotokea ukiigeuza namba yetu yenyewe kuwa kipeo? 31 ni 2⁵ − 1, nayo ni tasa. 2³¹ − 1 ni tasa. Inashawishi kuamini kwamba 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, ukitoa 1, nayo itakuwa tasa. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na hata hivyo tunajua jibu: si tasa. Mojawapo ya vigawo vyake ni 295,257,526,626,031. Ile siri ya kwanza ya Euler inakihusu nacho. Toa 1, gawanya kwa 2,147,483,647, utapata 137,490 kamili, bila baki.